Visigino vya Mama Halima

Halima alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa nimekaa jikoni kwangu hapa Kyebando, Kampala, nikichambua mchele, na kabla hajamaliza salamu nilikwisha kujua. Habari ya msiba hutangulia maneno, huja na pumzi. "Dada Rispa," alisema, "mama ametutoka. Tumemzika jana baada ya adhuhuri." Nikawasikia watu nyuma yake wakisogeza viti, kisha akaongeza kwa sauti ya mtu anayetimiza wasia asiouelewa vizuri: "Alituambia tukikupigia tusisahau kukwambia kwamba amekwenda na miguu yake yote miwili." Nilicheka. Nilicheka mpaka sinia likanitoka mapajani, na nilipoinama kuokota mchele ndipo nikaanza kulia, nikalia kwa muda ambao mwanamke anayekaribia miaka sitini haachiwi kulia bila majirani kuja kuuliza kuna nini.

Mama Halima hakuwa mama yangu wala ndugu yangu, na hata dini yetu haikuwa moja. Nilikaa nyumbani kwake Kibuli mwaka mmoja tu, mwaka wa tatu baada ya vita vya themanini na sita, nami nikiwa msichana wa miaka ishirini na miwili niliyevuka mpaka wa Busia na begi moja kutafuta kazi. Nilikotoka na habari za wazazi wangu nitaviacha, maana mwaka ule havikunisaidia chochote. Kilichonisaidia ni chumba. Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali ya udongo, mabati mekundu, vyumba viwili vinavyoshikana mteremkoni chini ya msikiti, na mlango wa mbele ulitazama barabara. Chumba kimoja chake, cha pili changu, na kati yetu ukuta ambao haukufika juu, hivi kwamba nilisikia akigeuka kitandani, akikohoa, akiamka kuchukua udhu, naye akanisikia mimi nikiomba kwa namna yangu. Mvua ikinyesha tulipiga kelele kusalimiana juu ya ukuta ule kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Jioni tulikula pamoja barazani, ugali wa muhogo na mtama aliousonga kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na mboga ya majani yenye simsim iliyosagwa. Mpaka leo nikinusa simsim inakaangwa popote mjini, hata sokoni katikati ya kelele, nasimama.

Alikuwa mtu wa Yumbe, kaskazini-magharibi kabisa, na mume wake alikuwa askari wa jeshi lililoshindwa. Hakumtaja kwa jina. Alimwita Sajini. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kilichonyooka na kisicho na mapambo, nacho ndicho kilichotuunganisha, kwa sababu mimi Kiganda changu wakati ule kilikuwa cha kununulia nyanya tu. Siku mji ulipotekwa, Sajini alitoka kwa mlango ule wa mbele bila magwanda, akaelekea kaskazini na wenzake, akavuka mpaka. Binti yao mmoja, Halima, alipelekwa Yumbe kwa bibi yake. Mama Halima akabaki. "Alitokea hapa," aliniambia siku ya kwanza, akigonga kizingiti kwa kiganja, "akirudi anajua ni hapa." Basi alikaa kwenye mkeka barazani kutwa nzima, miguu ameinyoosha mbele, akisuka vitunga vya rangi ambavyo wanawake wa mjini walivinunua kupambia sebule, na kila aliyepita barabarani alimtazama usoni.

Mimi nilikuwa na kazi ya udobi Kabalagala, kwa Mkenya mwenzangu, Mzee Okumu, aliyefua mashuka ya nyumba za wageni na vitambaa vya meza vya mahoteli madogo. Tulikuwa wasichana wanne katika ua wa saruji. Mashuka tulifua kwa mikono, lakini mablanketi yalitushinda, hivyo tuliyatia katika hodhi pamoja na sabuni kali na dawa ya madoa, tukaingia miguu mitupu na kuyakanyaga, tukishikana mabega, asubuhi mpaka saa nane. Kisha tukatoka kwenye maji yale, tukavaa sapatu, zile ndara za mpira zisizofunika kisigino, na tukasimama kwenye saruji yenye jua tukianika. Kulowa na kukauka, kulowa na kukauka. Miezi mitatu haikuisha kabla visigino vyangu havijawa kama udongo wa bwawa lililokauka. Kwanza ngozi ilikuwa nyeupe na ngumu, nikaona ni jambo la kawaida, nani asiye na magaga? Halafu ikaanza kupasuka. Kitandani usiku nyuzi za shuka zilinasa kwenye nyufa, na nikivuta mguu nasikia zinakwaruza kama msasa. Halafu nyufa zikafika kwenye nyama.

Siku moja Mzee Okumu alikunjua shuka jeupe nililolianika na akakuta alama za damu, tatu, ndogo, zilizopangana kama nyayo za ndege. Nilikuwa nimekanyaga pindo lake nikilivuta kambani. Hakupiga kelele. Alinionyesha tu, akasema, "Rispa, wateja wangu wanalipa ili damu itoke, si ili iingie. Ukishindwa kazi sema, nje kuna wasichana." Nilitembea kurudi Kibuli kwa vidole vya mbele, kama mtu anayenyatia, na nilipofika nilipita mbele ya Mama Halima nikijitahidi kushusha kisigino chini kama watu wote.

"Wewe, kuja hapa," alisema bila kuinua macho kwenye kitunga.

"Nimechoka, Mama, nakwenda kulala."

"Mimi nimeuliza kama umechoka? Leta hiyo mguu."

Nilikaa. Aliweka kitunga kando, akaushika mguu wangu kwa mikono miwili, akaugeuza kwenye mwanga wa magharibi. Sijui kama ninaweza kueleza aibu ile. Nilikuwa sijaguswa na mtu kwa upole tangu nivuke mpaka, na hapo mahali pa kwanza kuguswa pakawa ndipo pabaya kuliko pote. Alipitisha kidole gumba juu ya nyufa, moja moja, akapiga ulimi. "Hii haikutokea leo," alisema. "Hii umeilea." Kisha akaingia ndani, na nikasikia akimimina maji kwenye beseni.

Alichonifanyia jioni ile alinifanyia kila jioni baada ya sala ya magharibi kwa muda wa wiki tano au sita, na nimewafundisha mabinti zangu wote. Maji ya vuguvugu, si ya moto, na chumvi kidogo, unaloweka miguu kwa muda wa kusuka safu mbili za kitunga. Ukizidisha, alisema, ngozi inalewa. Kisha jiwe jeusi lenye vitundu, lililookotwa mtoni kwao, linapitishwa taratibu upande mmoja tu, kuondoa ile ngozi iliyokufa inayovuta nyufa zifunguke. Nilipotaka kumsaidia kwa wembe alinipiga mkono. "Wembe ni wa ndevu," alisema. "Ukikata leo, kesho inarudi nene zaidi, kesho kutwa unajikata mwenyewe." Halafu kukausha kwa kitambaa, mpaka katikati ya vidole, na mara hiyo hiyo, ngozi ikiwa bado ina unyevu, mafuta. Mafuta hayo yalitoka kwao, mazito, ya rangi ya samli iliyoganda, yaliyokamuliwa kwenye mbegu za mti unaoota kaskazini tu, na yalinuka moshi na karanga. Aliyaweka katika kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda. Mwisho alinivisha soksi za pamba, soksi za kijani za jeshi, za Sajini, zilizonifika magotini, na kuniamuru nisizivue mpaka asubuhi.

Yeye mwenyewe alijipaka pia, kila jioni, akimaliza kwangu. Nilimuuliza sababu na akacheka, mara yangu ya kwanza kumwona akicheka. "Sajini hapendi miguu ya kukwaruza. Alisema blanketi la jeshi linatosha kukwaruza." Nilielewa hivyo, kwamba mwanamke huyu anaitunza miguu yake kama mtu anayefagia uwanja kila siku kwa ajili ya mgeni ambaye hakusema atakuja lini. Nikampenda kwa hilo, na nikamhurumia, kwa huruma ya kijana ambayo ina majivuno ndani yake. Barabara ya kaskazini ilikuwa mbaya siku hizo, watu walisema magari yanachomwa njiani, na kopo lile halikuwa na mahali pa kujazwa. Nililiona linapungua. Niliona pia, baada ya muda, kwamba kwangu alipaka kwa vidole vitatu na kwake kwa kidole kimoja, na baadaye, kopo likikaribia kwisha, kwake hakupaka tena, akasema ameshapaka nilipokuwa kazini. Nililiona hilo na sikusema kitu.

Jioni moja ya Ramadhani nilirudi nikamkuta ana mgeni, mwanamume mwembamba mwenye koti lililokuwa kubwa kwake, wamekaa chumbani mwake, pazia limeshushwa. Walizungumza kwa lugha ya kwao. Upande wangu wa ukuta nilishika neno Sajini mara mbili, na majina ya miji ya Sudani, kisha nikamsikia Mama Halima akisema "Alhamdulillahi" polepole sana. Mgeni alifuturu kwa uji na tende, akaondoka. Nilipotoka nilimkuta anaosha vikombe. "Ni mtu wa nyumbani," alisema. "Alipita kusalimia." Akaweka beseni la maji mbele yangu kama kawaida.

Nyufa zilianza kujifunga, lakini kila nikirudi kwenye hodhi zilifunguka tena kidogo. "Kutibu ni kazi ya jioni," alisema, "lakini mchana wako unaharibu." Aliniambia nimwombe Mzee Okumu viatu vya mpira, mabuti ya mvua. Nilisema nitamwomba. Sikumwomba, niliogopa. Basi Jumamosi moja tukiwa katikati ya hodhi tukikanyaga, niliona mwanamke mrefu wa shela nyeusi anaingia uani, sapatu zake zimejaa vumbi jekundu. Alikuwa ametembea kutoka Kibuli mpaka Kabalagala, kupitia Nsambya, kwa miguu. Mzee Okumu alisimama.

"Wewe ndiyo bosi?"

"Ndiyo, mama. Karibu. Una nguo za kufua?"

"Mimi nguo yangu nafua mwenyewe. Nataka kuuliza. Wewe hapa unafua blanketi, ama unafua watoto ya watu?"

Wasichana wenzangu waliacha kukanyaga. Mzee Okumu alijaribu kutabasamu, akasema kazi ndivyo ilivyo kila mahali. Mama Halima akamwita mmoja mmoja wetu, tukatoka kwenye maji, tukamwonyesha nyayo, na kila alipomaliza kutazama mguu alimgeukia Mzee Okumu akamtazama usoni. Mwisho akasema, "Mume yangu aliongoza watu arobaini. Hakuna hata mmoja alitembea bila buti." Wiki iliyofuata mabuti yalikuja, jozi nne, makubwa kupita kiasi, na tukajifunza kukanyaga nayo kama bata. Lakini hata leo nikipita njia ile ya Nsambya, ambayo sasa ni lami tupu na maduka, namwona anatembea mle kwa sapatu nyembamba, katikati ya jua, kwa ajili ya miguu isiyo yake.

Nimechelewa kumtaja Kizito, labda kwa makusudi. Alikuwa mhudumu wa hoteli moja ndogo, na kila Jumatatu na Alhamisi alileta furushi la vitambaa vya meza, halafu akachelewa kuondoka. Kiswahili alijifunza kwa wateja Wakenya, na kilipita kwenye ulimi wa Kiganda, ambapo r na l hubadilishana viti. Aliniita Lisipa. Nimeitwa jina langu na watu wengi tangu hapo, na mume wangu, Mungu amrehemu, alilitamka sawasawa kwa miaka ishirini na minane, lakini namna ile ya kukosea sijawahi kuisikia tena. "Lisipa," aliniambia siku moja, amekalia furushi, "maama anataka kukuona. Jumapili ya mwisho wa mwezi. Usiogope, ni mtu mzuli." Nikajua maana yake. Na nilichowaza kwanza, nikiri, hakikuwa ndoa. Nilikuwa nimewaona wanawake wa Kiganda wakisalimia wakubwa. Unavua viatu mlangoni, unapiga magoti kwenye mkeka, miguu imekunjwa pembeni na nyayo zimegeukia nyuma, na kila aliyekaa nyuma yako anasoma visigino vyako kama barua. Nilimweleza Mama Halima. Alifikiri, akasema, "Tuna wiki tatu. Hiyo mguu itapita."

Ilipita. Jumapili ile nyayo zangu zilikuwa laini kama za mtoto anayebebwa. Mama Halima alinifunga kitambaa kichwani, akanirudisha mara mbili kutoka mlangoni kunikagua, akakaa kwenye mkeka wake kunisindikiza kwa macho. Nyumbani kwa Kizito, hapa hapa Kyebando, si mbali na ninapoandikia haya, kulikuwa na sebule yenye vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti, na harufu ya matoke yaliyopikwa kwa mvuke kwenye majani ya ndizi. Mama yake alinipokea vizuri. Nilipiga magoti, nikasalimia kwa maneno niliyofundishwa, na nyuma yangu alikuwa amekaa shangazi yake, yule ambaye Waganda humwita ssenga, mwenye kauli kuu katika mambo kama hayo. Nilimsikia akiinama. Nilimsikia akinong'ona, na Kiganda changu kilikuwa kimekua vya kutosha kuelewa. "Tazama visigino hivyo," alimwambia jirani yake. "Huyu hajawahi kushika jembe. Atamlisha nini mtoto wetu?"

Nilibaki nimepiga magoti nikitazama mkeka, na kicheko kikanipanda kooni pamoja na machozi, nisijue kipi kitatangulia. Kizito hakusikia. Tulikula, tukapiga picha mlangoni, na mama yake akanifungia ndizi za kupeleka nyumbani. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikipanga nitakavyomsimulia Mama Halima, nitaigizaje ile sauti ya ssenga, na namna atakavyotupa kichwa nyuma.

Nilimkuta amelala barazani, mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kitunga kilikuwa kimeanguka. Alikuwa anatetemeka na mwili wake ni moto, na kulikuwa na harufu ambayo kwanza nilidhani ni ya mfereji. Nzi walinionyesha. Niliinua pindo la nguo yake. Kisigino cha kulia, ambacho sikuwa nimekitazama kwa wiki ngapi sijui, kilikuwa kimevimba na kuwa cheusi kando ya ufa mmoja mrefu, na ndani ya ufa ule kulikuwa na usaha. "Mama, hii imekuwa hivi tangu lini?" Akafungua macho. "Nini? Hapo hapaumi," akasema, na alisema kweli, hapakumuuma. Nilibonyeza, hakushtuka. Hilo lilinitisha kuliko kidonda.

Vijana wawili wa jirani walinisaidia kumpandisha hospitali kwa mkokoteni. Muuguzi aliyempokea, sista mmoja mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitazama mguu, kisha akaniuliza maswali ambayo niliona hayahusiani. Anakunywa maji sana? Ndiyo, mtungi mzima. Anaamka usiku mara nyingi? Ndiyo, namsikia. Sisimizi wanakusanyika chooni? Nikakumbuka jinsi Mama Halima alivyowalalamikia, akawamwagia majivu kila asubuhi. "Ni sukari," alisema sista. "Sukari imeua hisia za miguu. Kisigino kikipasuka hajui, akikanyaga kitu hajui." Kisha kwa koleo ndogo akatoa ndani ya ule ufa kipande cha chupa, cha kahawia, kikubwa kama ukucha wa kidole kidogo. Hakuna aliyejua alikikanyaga wapi. Mimi nina wazo langu, na nimeishi nalo.

Daktari alisema huenda mguu ukatwe chini ya goti. Alisema mbele yake, kwa Kiingereza, akidhani haelewi, lakini mke wa askari anajua neno hilo kwa lugha zote. "Mwambie," Mama Halima akaniambia, "nilikuja Kampala na miguu miwili." Daktari akatoa siku kumi, tuone kama dawa zitashika. Siku hizo kumi nililala chini ya kitanda chake, kwenye sakafu ya wodi, nikapika uji kwenye jiko la pamoja nyuma, na kila asubuhi nilimshikia sista beseni akisafisha kidonda. Alinifundisha upya yote niliyofundishwa barazani, kwa mguu wa aina nyingine. Maji pima kwa kiwiko chako wewe, si kwa mguu wake. Jiwe usiguse. Mafuta ndiyo, kila siku, lakini kamwe si katikati ya vidole, huko kunataka ukavu. Tazama nyayo kila jioni, kwa kioo au kwa macho ya mtu mwingine, kwa sababu mwenyewe hatasikia. Asitembee peku hata kutoka kitandani kwenda mlangoni. Nilikuwa nafuta usaha na kurudia maneno hayo moyoni kama sala, na nikiwaza tu kwamba jioni zote zile mguu wangu ulikuwa mapajani mwake, na wake ulikuwa pale pale mbele yangu, umenyooshwa, na sikuugeuza hata mara moja.

Kizito alikuja hospitali siku ya sita. Tulisimama nje ya lango. Mama yake alikuwa amekubali, ssenga alikuwa amelainishwa, na walitaka niende kwetu Kenya mara moja nitayarishe wazazi kuwapokea, kabla wajomba wake hawajatawanyika.

"Siwezi kwenda sasa, Kizito. Hana mtu."

"Ana watu wa kwao."

"Wa kwao wako Yumbe. Barabara imefungwa."

Alitazama viatu vyake. "Lisipa, yule si maama yako."

Hakusema kwa ubaya, na sikumjibu kwa ubaya. Nilimwambia, "Nipe mwezi mmoja." Akasema sawa. Mwezi ukawa miwili, dawa zikashika, ule weusi ukasimama, nyama mpya ya waridi ikaanza kupanda kutoka chini ya kidonda kama uji unaopanda sufuriani, na Kizito akaja mara chache, halafu vitambaa vya meza vikaanza kuletwa na mtu mwingine. Alioa mwaka uliofuata. Nilimwona mara moja miaka mingi baadaye akiwa na wajukuu, akaniita kwa jina lile lile, tukacheka. Siwezi kusema nilijuta. Naweza kusema kwamba siku zile, nikitoka wodini jioni kumwaga maji machafu, nilikuwa nikitazama lango kwanza.

Mama Halima alirudi nyumbani akiwa mwembamba na amenyamaza, na vidonge vya sukari kwenye bahasha. Kila jioni sasa yeye ndiye aliyekaa na kunipa mguu, akageuza uso pembeni, kwa sababu hakuzoea kupewa. Mafuta ya kwao yalikuwa yamekwisha, nikampaka mafuta mazito ya dukani, akasema yananuka kama duka. Mwishoni mwa mwaka habari zikaja kwamba malori yameanza kwenda kaskazini kwa msafara, chini ya ulinzi, na siku tatu baadaye alikuwa amefunga vyombo vyake. Sikuamini. Nilimuuliza kuhusu mlango, kuhusu Sajini, atamkuta vipi?

Tulikuwa tumekaa juu ya magunia yake, pembeni mwa lori, asubuhi, watu wakigombania nafasi. "Yule mgeni wa Ramadhani," alisema, "unamkumbuka? Aliniletea habari. Sajini alikufa huko, mwaka ya kwanza tu. Alikuwa na bibi mwingine, na mtoto."

Nilimgeukia. "Na ukakaa na hilo peke yako? Na bado jioni ukawa unapaka mafuta?"

"Kwani hii miguu ni ya Sajini?"

"Kwa nini hukurudi nyumbani wakati ule?"

"Barabara ilikuwa mbaya," alisema. Akatengeneza pindo la nguo juu ya viatu vyake vipya, viatu vipana vya ngozi alivyoshonewa na fundi kwa kipimo cha bandeji. "Na wewe ulikuwa hujapona."

Utingo akaita. Nilimshika mkono mpaka akapanda, polepole, mguu mzuri kwanza. Kutoka juu aliinama akauliza nitakwenda lini kumtembelea. Nikasema Idd. "Idd gani?" aliuliza. "Ya kufunga ama ya kuchinja?" Nikasema yoyote itakayotangulia.

Iliyotangulia ilikuta barabara imefungwa tena. Iliyofuata ilikuta nimeanza kazi nyingine. Halafu nikaolewa, nikajifungua, nikauguza, nikazika, na kila mara Idd ilipofika nilituma kitu kwa wafanyabiashara waendao Yumbe, soksi za pamba, chupa ya mafuta, nao waliniletea kopo lililofungwa kwa nailoni, na salamu kwamba mguu uko salama. Barabara ilitulia, ikawekwa lami, mabasi yakaanza kwenda kila siku, na mimi niliyekuwa nikisema njia ni mbaya nikaanza kusema nina shughuli. Jana nilimpigia Halima kumwambia nitakwenda kwenye arobaini. Nilimuuliza, kwa haya, kama nitapata mahali pa kulala katika nyumba yenye wageni wengi namna hiyo.

"Dada," alisema, "kitanda chako kipo. Mama alikuwa anakitandika kila Idd."